Montaigne au Descartes: ukitaka kusoma ugomvi wa zamani kuhusu wanyama, uanze na nani?

Mtu anayetaka kujua Wazungu wa karne ya 16 na ya 17 waliwaonaje wanyama hukuta majina mawili yamesimama mlangoni. La kwanza ni Michel de Montaigne, bwana mwenye mashamba karibu na Bordeaux, aliyefariki mwaka 1592. La pili ni René Descartes, aliyezaliwa 1596. Kwa kawaida hugawanywa upesi upesi: Montaigne ni yule mpole aliyecheza na paka wake, Descartes ni yule katili aliyesema mbwa ni mashine. Msomaji akishapewa mgawo huo husoma ili kuuthibitisha tu, na hapati shida, maana wote wawili wameacha sentensi kali zinazonukulika.

Mgawo huo si uongo mtupu, lakini ni mshauri mbaya kwa anayechagua cha kusoma. Humtuma kwenye sura ndefu kuliko zote za Montaigne, akachoka katikati, kisha humfanya amruke Descartes kwa kudhani anajua tayari alichosema. Kwa mwenye haraka, ushauri wangu ni huu: anza na sura fupi ya Montaigne kuhusu ukatili, ufuate sehemu ya tano ya kitabu cha Descartes, Discours de la méthode, pamoja na barua mbili alizoandika baadaye, na ile sura ndefu ya Montaigne uiweke mpaka upate nafasi. Ukiwa mtu wa mashairi na unasoma Kiingereza, anza na mtu wa tatu kabisa, Margaret Cavendish, ambaye nitamfikia.

Walichokikuta

Aristotle alikuwa amewaachia wasomi wa Ulaya ngazi tatu. Mmea una nafsi ya kukua na kujilisha. Mnyama anaongezewa nafsi ya kuhisi na kujongea. Binadamu anaongezewa ya tatu, ya kufikiri. Juu ya ngazi hiyo likawekwa andiko la Mwanzo: "mkatawale samaki wa baharini, na ndege wa angani, na kila kiumbe chenye uhai kiendacho juu ya nchi." Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliyaunganisha haya mawili. Wanyama wako kwa matumizi ya watu, alisema, na kama Maandiko yanakataza kuwatesa, ni kwa sababu anayezoea kumtesa mnyama anaweza kuhamia kwa mwanadamu mwenzake. Mnyama mwenyewe hadai kitu.

Montaigne na Descartes wote wawili waliivunja ngazi hiyo. Mmoja aliishusha daraja ya juu, mwingine akaing'oa ya kati.

Montaigne mrefu: kinda la bata bukini

Sura inayotajwa kila mahali ni "Utetezi wa Raymond Sebond", sura ya 12 ya kitabu cha pili cha Essais, kilichotoka mara ya kwanza 1580. Sebond alikuwa mwanatheolojia kutoka Katalunya aliyefundisha Toulouse na kufariki 1436. Montaigne alikitafsiri kitabu chake kwa ombi la baba yake, na tafsiri ikachapwa 1569. Sebond alifundisha kwamba akili ya mtu inaweza kuusoma ulimwengu kama kitabu na kumwona Mungu ndani yake, na kwamba katika ulimwengu huo viumbe vingine vyote vinamhudumia binadamu aliye juu yao. "Utetezi" wa Montaigne unamtetea kwa njia ya ajabu, kwa kuichana akili hiyo hiyo vipande vipande. Anauita ufidhuli, yaani kujiona, ugonjwa wetu wa asili.

Kilele chake, kwangu, ni ukurasa wa kinda la bata bukini. Kwa nini, anauliza, kinda hilo lisiseme kwamba ulimwengu wote umeelekezwa kwake? Ardhi ipo ili likanyage, jua lipo ili limulikiwe, upepo na maji vinalifaa kwa hili na lile. Si binadamu ndiye anayelilisha, anayelijengea banda, anayelitumikia, anayelipandia nafaka na kulisagia? Na akilila, basi binadamu huliwa pia na binadamu wenzake, na kinda nalo hula minyoo inayomuua mtu na kumtafuna. Ukishausoma ukurasa huo, hoja ya "kila kitu kiliumbwa kwa ajili yetu" hairudi tena ikiwa na uso ule ule. Hakuna takwimu ndani yake wala ushahidi wa maabara. Ni hoja iliyogeuzwa tu ikamtazama mwenyewe, na sijaona aliyeijibu vizuri.

Kuna nyingine yenye nguvu sawa. Tunasema wanyama hawana lugha kwa sababu hatuwaelewi. Lakini kasoro inayozuia mawasiliano kati yao na sisi, kwa nini ihesabiwe kuwa yao na isiwe yetu? Wao nao hawatuelewi, na kwa kipimo hicho hicho wanaweza kutuona sisi ndio wanyama. Hapo karibu ndipo alipo yule paka maarufu: ninapocheza naye, nani ajuaye kama si yeye anayejipitishia wakati kwa kunichezea mimi?

Tatizo la sura hii ni kila kilichobaki. Ni zaidi ya kurasa mia, na sehemu kubwa ya ile inayohusu wanyama ni visa alivyovichota kwa waandishi wa kale, hasa Plutarch. Mbweha wa Thrace hutega sikio juu ya barafu asikie maji yanapita mbali au karibu kabla ya kuvuka. Mbwa wa mwanafalsafa Chrysippus hufika njia panda yenye njia tatu, hunusa ya kwanza, hunusa ya pili, kisha hukimbilia ya tatu bila kunusa, eti amefanya hesabu ya mantiki. Simba anamkumbuka Androcles aliyemtoa mwiba. Vinasomeka kwa raha kama hadithi za Sungura na Fisi, na kwa upande wa ushahidi vina uzito huo huo. Montaigne havichunguzi, na havimhusu sana kama ni vya kweli, kwa sababu shabaha yake si tembo wala mbweha. Shabaha yake ni kiburi cha mtu. Anayekuja hapa kujifunza kuhusu wanyama wenyewe ataondoka na mkoba wa visa visivyotumika.

Montaigne mfupi: sura ya ukatili

Geuza ukurasa nyuma kidogo. Sura ya 11, iliyo mlangoni kabisa mwa hiyo ndefu, inahusu ukatili. Inasomeka kabla chai haijapoa, na ndiyo ningempa mgeni.

Hapa Montaigne haazimi visa vingi. Anasema yeye, kwa maumbile na kwa uamuzi, anauchukia ukatili kuliko maovu yote, kiasi kwamba hawezi kumwona kuku anakatwa shingo bila kuudhika, wala kustahimili mlio wa sungura aliye katika meno ya mbwa wake, ingawa uwindaji wenyewe anakiri ni raha kali. Akimkamata mnyama mzima, kwa kawaida humwachia arudi porini. Anakiri, bila kuona haya, kwamba ana moyo wa kitoto hata hawezi kumkatalia mbwa wake mchezo anaoutaka wakati usiofaa. Anasema Waturuki wana sadaka na hospitali kwa ajili ya wanyama, na hawasemi kwa dhihaka.

Kinachoipa sura hii uzito ni mahali ilipoandikwa. Ufaransa ilikuwa katika vita vya dini vilivyoanza 1562. Mwaka 1572 Waprotestanti waliuawa kwa maelfu mjini Paris, kisha katika miji mingine. Montaigne anasema waziwazi kwamba anaishi katika zama zilizojaa mifano isiyosadikika ya uovu huu. Aliona watu wanaobuni mateso mapya bila uadui na bila faida, kwa raha ya kutazama tu. Ndipo anapolichukua lile wazo la Aquinas la kuhama kutoka mnyama hadi mtu na kulirudisha kwenye historia: Roma, watu waliposhazoea kutazama mauaji ya wanyama uwanjani, wakasogea kwa binadamu.

Ila yeye haishii pale Aquinas alipoishia. Watu, anasema, tunawiwa nao haki. Viumbe wengine wanaoweza kuupokea, tunawiwa nao wema na upole. Kuna mahusiano kati yao na sisi, na wajibu fulani wa pande mbili. Angalia alivyofanya: hakudai kwamba mnyama ana akili sawa na mtu. Hakuhitaji mbwa wa Chrysippus. Wajibu umesimama kwa miguu yake bila ushahidi wowote wa werevu wa wanyama, na ndiyo sababu sura hii imezeeka vizuri kuliko ile ndefu.

Descartes: ruka moyo, nenda kwenye vipimo viwili

Discours de la méthode kilitoka Leiden 1637, kwa Kifaransa, bila jina la mwandishi. Ni kitabu chembamba. Descartes mwenyewe anamwambia msomaji mwanzoni kwamba akikiona kirefu kukisoma mara moja, kimegawanywa sehemu sita. Wewe unahitaji ya tano, na hata hiyo si yote. Kurasa nyingi za mwanzo wake zinahusu moyo na mzunguko wa damu. William Harvey, tabibu Mwingereza, alikuwa ameueleza mzunguko huo 1628. Descartes anaukubali, lakini anafikiri moyo unafanya kazi kwa joto linalotanua damu, na hapo Harvey ndiye aliyekuwa sahihi. Descartes anamwomba hata msomaji, kabla hajaendelea, akatafute moyo wa mnyama mkubwa mwenye mapafu upasuliwe mbele yake. Omba radhi, ruka.

Baada ya hapo kuna kurasa chache tu, na ni chuma. Fikiri, anasema, kuna mashine yenye viungo na umbo la nyani au la mnyama mwingine asiye na akili: tusingekuwa na njia ya kujua kwamba si mnyama huyo kweli. Lakini ikiwa na umbo la binadamu, tungekuwa na vipimo viwili vya kuitambua. Cha kwanza ni lugha. Mashine inaweza kutengenezwa itamke maneno, hata ipige kelele kwamba imeumia ikiguswa mahali fulani, lakini haitaweza kuyapanga maneno kwa namna mbalimbali kujibu maana ya chochote kinachosemwa mbele yake, jambo ambalo hata mtu mjinga kabisa analiweza. Cha pili ni upana. Mashine inaweza kufanya jambo moja vizuri kuliko sisi, lakini itashindwa katika mengine, kwa kuwa akili ni chombo cha kila hali na viungo vya mashine vimepangwa kwa kazi maalumu.

Kisha anavigeuza vipimo hivyo kwa wanyama. Kasuku hutamka maneno kama sisi, lakini haonyeshi kwamba anafikiri anachosema. Watu waliozaliwa viziwi na mabubu, ambao hawana viungo vya kusemea kama alivyo navyo kasuku, hujibunia ishara na kueleweka na waliozoea kuwa nao. Kwa hiyo pengo haliko kwenye ulimi. Na ustadi wa mnyama katika jambo moja haumthibitishii akili, kama vile saa ya magurudumu na springi inavyopima wakati kwa usahihi kutushinda bila kuwaza lolote.

Utaona kwamba hapa kuna hoja, na hoja inaweza kupimwa. Kwa ushahidi na mpangilio, Descartes anamwacha Montaigne wa sura ndefu mbali sana. Kipimo cha kwanza kimeanza kuyumba siku hizi, lakini kutoka upande ambao mwenyewe hakuutarajia: programu za kompyuta zinajibu karibu chochote unachosema mbele yake, na nyani hawajafanya hivyo. Mwalimu anayetafuta andiko la kuanzishia mjadala darasani hatapata kurasa zinazochokoza kuliko hizi.

Na yule katili? Yupo kiasi. Descartes aliwahi kueleza kwa barua ya 1639 kwamba majira ya baridi mjini Amsterdam alikuwa akienda karibu kila siku kwa mchinjaji kutazama wanyama wakichinjwa, na kuletewa nyumbani vipande alivyotaka kuvipasua kwa nafasi. Hakuona kosa, na kwa kweli huyo mnyama alikuwa anachinjwa kwa ajili ya nyama hata hivyo. Yaliyo mabaya zaidi yalifanywa na waliomfuata. Nicolas Malebranche, katika kitabu alichoanza kukitoa 1674, aliandika kwamba wanyama hula bila raha, hulia bila maumivu, hukua bila kujua. Nicolas Fontaine aliacha kumbukumbu za Port-Royal, monasteri ya Kifaransa, zinazosimulia wasomi waliowapigilia misumari mbwa miguu minne juu ya mbao na kuwapasua wakiwa hai ili kuona damu inavyozunguka, huku wakicheka waliowahurumia.

Barua ambazo wengi hawafungui

Mtu anayesimama kwenye Discours humwona Descartes nusu. Barua mbili zinaleta nusu iliyobaki, na katika ya kwanza anamjibu Montaigne kwa jina.

Tarehe 23 Novemba 1646 alimwandikia William Cavendish, Marquess wa Newcastle, Mwingereza aliyekuwa uhamishoni. Anasema hawezi kukubaliana na Montaigne na wengine wanaowapa wanyama ufahamu. Montaigne na mfuasi wake Charron walikuwa wamedai kuna tofauti kubwa zaidi kati ya mtu na mtu kuliko kati ya mtu na mnyama. Descartes anajibu: hajapatikana mnyama hata mmoja, awe bora kiasi gani, aliyetumia ishara kumweleza mnyama mwenzake jambo lisilohusu tamaa zake, na hakuna mtu, awe na upungufu kiasi gani, asiyefanya hivyo. Ndege akifundishwa kumsalimu bibi yake kila amwonapo, anaonyesha tumaini la kupewa chakula, basi. Anajua vizuri kwamba wanyama hutushinda katika mengi, anasema, na hilo halimshangazi: saa pia hutushinda. Kisha anatoa sababu iliyokuwa nzito kwa zama zake: wanyama wakifikiri kama sisi, wana roho isiyokufa kama sisi, na ukiwapa baadhi itabidi uwape wote, mpaka chaza na sifongo.

Ya pili ni ya tarehe 5 Februari 1649, kwa mwanafalsafa Henry More wa Cambridge, ambaye alimkemea kwa fundisho alilolihesabu kuwa la mauaji. Jibu ni la kushangaza kwa utulivu wake. Ameona ni jambo lililothibitika kwamba hatuwezi kuonyesha kuwa wanyama wana fikra. Lakini hadhani pia kwamba inaweza kuthibitishwa kuwa hawana, kwa kuwa akili ya mtu haifiki ndani ya mioyo yao. Hawanyimi uhai. Hawanyimi hata hisia, kwa kadiri hisia inavyotegemea kiungo cha mwili. Hapo bado ni mtu anayefikiri. Sentensi inayofuata ndiyo inayoniudhi: maoni yake, anasema, si ukatili kwa wanyama kama yalivyo huruma kwa watu, kwani yanawaondolea shaka ya kosa kila wanapokula au kuua wanyama.

Sasa weka hii kando ya sura fupi ya Montaigne. Mmoja anasema sijui paka anawaza nini, kwa hiyo nipunguze kujigamba. Mwingine anasema sijui wanawaza nini, kwa hiyo tule kwa amani. Kutokujua ni kule kule. Kilichotofautiana ni nani anayebebeshwa hasara ya kutokujua huko. Baruch Spinoza, katika Ethica iliyotoka 1677, aliongeza kitu kinachosaidia kuona hili: yeye alikubali wazi kwamba wanyama wanahisi, na bado akaruhusu tuwatumie tupendavyo, kwa kuwa maumbile yao hayalingani na yetu. Kwa hiyo anayefikiri kwamba ugomvi huu ungeisha siku ikithibitishwa kuwa mnyama anaumia, asome Spinoza kwanza.

Nani kati yao anamweka binadamu katikati zaidi?

Jibu la haraka ni Descartes, na ushahidi wake ni sehemu ya sita ya Discours, pale anapotumaini maarifa mapya yatatufanya "kama mabwana na wamiliki wa maumbile". Hiyo sentensi imetundikwa shingoni mwake kwa kila msitu uliokatwa tangu siku hizo. Aliposema hivyo alikuwa anawaza hasa afya na uganga, lakini sawa, ameisema.

Fungua lakini sehemu ya tatu ya Principia, kitabu chake cha 1644. Pale mwanzoni anasema ni jambo la ucha Mungu kuamini Mungu amefanya vitu vyote kwa ajili yetu, kama linatusukuma kumpenda zaidi, ila haielekei kuwa vyote vilifanywa kwa ajili yetu tu bila kusudi jingine. Viko vingi ulimwenguni ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona wala kuvitumia. Katika fizikia, kuwaza hivyo ni upuuzi kwake. Kinda la Montaigne lingepiga makofi.

Kwa hiyo Descartes anamtoa binadamu katikati ya ulimwengu na kumwachia ufunguo wa ghala. Montaigne anamshusha binadamu hata katika akili yake, lakini shamba lake, farasi zake na mbwa wake wa kuwindia wanabaki vile vile. Hakuna kati yao aliyependekeza sheria wala aliyeacha nyama. Ukitafuta mtu wa karne hizo atakayekupa msimamo safi wa kupeperusha bendera, hawa wawili watakuvunja moyo, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujaanza.

Margaret Cavendish, kwa asiyetaka kuchagua kati ya hao wawili

Yule Newcastle aliyeandikiwa 1646 alikuwa ameoa mwaka mmoja kabla. Mkewe, Margaret, alizaliwa 1623, hakusomeshwa chuo chochote, na mwaka 1653 alichapa kitabu cha mashairi kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo wanawake wachache sana wa Uingereza walithubutu. Ndani yake kuna shairi kuhusu uwindaji wa sungura aitwaye Wat. Amelala kati ya matuta ya shamba lililolimwa, pua juu ya miguu yake ya mbele, macho makubwa ya kijivu yakitazama pembeni, kichwa kimeelekezwa upepo unakotoka. Mbwa wanamnusa. Tunakimbia naye kutoka urefu wake, karibu na ardhi, mpaka anapoanguka. Halafu shairi linawageukia wawindaji: hawa wanaofanya matumbo yao makaburi, wanaojiona wapole na kuwaita wanyama wakali, wanaodhani Mungu aliwapa viumbe uhai na hisia ili wao wapate kula, na kwamba vyote viliumbwa kwa ajili yao wavitawale kwa mabavu.

Mwaka 1664, katika barua zake za kifalsafa zilizochapwa, alimkabili Descartes moja kwa moja. Kama wanyama hawana usemi na mantiki ya binadamu, hoja yake inakwenda, haifuati kwamba hawana maarifa. Wanaweza kuwa na ya kwao, ya namna yao, tusiyoyafikia. Ni hoja ya Montaigne kuhusu mawasiliano, ila imevuliwa visa na kuelekezwa kwenye shabaha. Mei 1667 alikuwa mwanamke wa kwanza kuhudhuria mkutano wa Royal Society mjini London, chama cha wanasayansi ambacho mwanachama wake Robert Boyle alikuwa amechapa 1660 majaribio ya kuwaweka ndege na panya ndani ya chombo kinachonyonywa hewa, kuona wanavyokufa.

Udhaifu wake ni nathari. Anarudia, anatangatanga, anabuni istilahi na kuziacha. Shairi la Wat ni fupi na halina kasoro hizo.

Uchukue nani, basi

Mwanafunzi wa falsafa mwenye mtihani asiache Descartes: sehemu ya tano na barua kwa More, na ajifunze kumtenganisha na Malebranche, maana watahini hupenda mtego huo. Anayeandaa mdahalo apange sura fupi ya Montaigne upande mmoja na vipimo viwili upande wa pili. Mtu wa dini atakayetaka kuona andiko la Mwanzo likibishaniwa na watu waliolichukulia kwa uzito afuate kinda la bata bukini, na kwa hilo tu inafaa kuingia kwenye sura ndefu, akiwa ameshaandaa moyo. Anayefanya kazi na wanyama, bwana mifugo au mtafiti wa maabara, ningempa barua kwa More kabla ya kitu kingine, kwa sababu ile sentensi ya kuwaondolea watu shaka bado inasemwa kila siku kwa maneno mengine.

Anayependa kuendelea mbele atakuta David Hume, 1739, akisema hakuna ukweli ulio wazi kwake kuliko kwamba wanyama wana fikra na akili kama watu, na Jeremy Bentham, 1789, akiuliza kama wanaweza kuteseka badala ya kama wanaweza kufikiri. Lakini hao ni wa meza nyingine.

Kuhusu matoleo: wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa watamwona Descartes ni mwepesi kuliko walivyodhani, ila Kifaransa cha Montaigne ni cha zamani mno, kwa hiyo watafute toleo lililogeuzwa kuwa Kifaransa cha leo. Kwa Kiingereza, tafsiri ya John Florio ya 1603 ina ladha lakini inahitaji subira. Ile ya Charles Cotton ya 1685 ni rahisi zaidi na hupatikana bure mtandaoni, kama ilivyo tafsiri ya John Veitch ya Discours. Barua ndizo zenye usumbufu, kwani hazimo ndani ya Discours. Tafuta mkusanyo wa barua za Descartes na uzifuate kwa tarehe zile mbili, kwa kuwa namba za barua hubadilika kutoka toleo hadi toleo.